Kutoka Marufuku ya 1974 Hadi Kompyuta ya Kuunda Nyumbani

Juma lililopita nilipata ujumbe wa simu kutoka kwa kijana mmoja wa Utemini, Singida mjini. Baba yake ameuza alizeti huko Iguguno, akatenga fungu moja la fedha na kumwambia: hizi ni zako, fanya jambo la maana, ila ujue hakuna nyingine mpaka mavuno yajayo. Kijana anataka kuunda kompyuta yake mwenyewe, kipande kwa kipande, afungue kibanda cha kuchapa barua, kujaza fomu za maombi ya vyuo na kuhariri video za harusi. Swali lake lilikuwa fupi: "Mtangazaji, shikamoo. Ninunue prosesa gani?"

Nilitaka kumjibu kwa mstari mmoja nikashindwa. Kijana alianzia katikati ya jambo, na karibu kila mtu huanzia hapo hapo. Ili nimweleze kwa nini prosesa si kitu cha kwanza kununua, imenibidi nirudi nyuma miaka sitini hivi, enzi ambazo hapa nchini hapakuwa na mtu aliyeweza kuchagua kipande chochote cha kompyuta, hata Serikali yenyewe.

Kompyuta ya kwanza ya Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa ya aina ya ICT 1500, kutoka Uingereza, na kampuni hiyo ya ICT ndiyo iliyoungana na nyingine mwaka 1968 ikawa ICL. Mtambo wa enzi hizo haukununuliwa kama tunavyonunua leo. Ulinunua ndoa. Mashine ilitoka kwa kampuni ile ile, kumbukumbu yake kwa kampuni ile ile, fundi kwa kampuni ile ile, na kifaa kikiharibika hukuweza kwenda duka la pili kuulizia bei. Serikali ilipojaribu kuhamishia hesabu zake katika mitambo mipya zaidi, mambo hayakwenda. Hesabu zilivurugika na fedha zikapotea. Mwaka 1974 ikatoka amri ya kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na katika amri hiyo hiyo zikatajwa televisheni.

Vijana nikiwasimulia habari hii hucheka. Mimi sicheki sana. Mwaka 1974 nchi ilikuwa na ukame, chakula kilikuwa kinaagizwa kwa meli, bei ya mafuta ilikuwa imeruka tangu vita vya Mashariki ya Kati vya 1973, na fedha za kigeni zilikuwa haba. Kiongozi aliyekwisha kuona mtambo wa thamani kubwa ukivuruga hesabu za taifa alikuwa na haki ya kuuliza kama tunauhitaji wa pili. Kwa upande wa televisheni tunajua mwisho wake: Zanzibar walikuwa na ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, nasi wa Bara tukasubiri hadi 1994 ndipo vituo vya watu binafsi kama ITV vikaanza kurusha.

Ninachoilaumu amri ile ni kitu kingine kabisa. Ilitukosesha mafundi, na ilitukosesha katika wakati mbaya kuliko wote. Januari 1975, nasi tumeshafunga mlango, jarida moja la Marekani liitwalo Popular Electronics liliweka kwenye jalada lake kisanduku kilichoitwa Altair 8800. Kilikuwa kikiuzwa kwa posta na kampuni ndogo ya MITS ya mji wa Albuquerque, kwa bei isiyofika dola 400, na kilikuja kikiwa vipande. Mnunuzi alikaa mezani kwake akachomelea mwenyewe kwa risasi, waya kwa waya. Hakikuwa na kibodi wala kioo. Kilikuwa na swichi na taa ndogo mbele, na kumbukumbu yake ya kuanzia ilikuwa baiti 256, ambazo zisingetosha kubeba hata aya hii ninayoisoma. Lakini kazi ile ya kuchomelea ilikuwa kazi ya fundi redio. Mafundi redio tulikuwa nao barazani kila mji, Singida, Kiomboi na Manyoni, watu walioweza kufufua redio ya mkulima kwa vipuri vilivyonyofolewa kwenye redio iliyokufa. Hawakuiona Altair, na kama wangeiona wasingeruhusiwa kuiagiza.

Mlango mkubwa ulifunguliwa miaka sita baadaye, na aliyeufungua hakukusudia. Tarehe 12 Agosti 1981 kampuni ya IBM ilitangaza kompyuta yake ya mezani. Kikundi kilichoiunda, chini ya Don Estridge huko Boca Raton, Florida, kilikuwa kimepewa muda wa mwaka mmoja tu. Kwa mwaka mmoja huwezi kubuni kila kitu, basi wakafanya kile ambacho kampuni kubwa kama hiyo haikuzoea kufanya: wakaingia sokoni. Prosesa wakanunua kwa Intel, programu endeshi wakachukua kwa Microsoft, kisha wakachapisha kitabu chenye michoro yote ya mashine, ili wengine watengeneze kadi za kuchomeka ndani yake. Bei ya kuanzia ilikuwa dola 1,565, bila kioo.

IBM ilibakiza kufuli moja tu: ile programu ndogo inayoiamsha mashine unapobonyeza swichi, ambayo mafundi wote huiita bayosi. Hiyo ilikuwa na hakimiliki. Kampuni ya Compaq, iliyoanzishwa 1982, ikaweka wahandisi ambao hawakuwa wameiona ile ya IBM, waandike nyingine ifanyayo kazi ile ile. Ikawezekana, na kihalali. Mwaka 1984 kampuni ya Phoenix ikawa inauza bayosi ya namna hiyo kwa yeyote mwenye fedha. Basi Taiwan ikaamka. Gigabyte na MSI zilianzishwa 1986, ASUS 1989, na wote hao wakauza kile kibao kikuu kinachobeba vipande vingine, ambacho mafundi wetu huita mazabodi. IBM ilipotaka kufunga mlango upya mwaka 1987 kwa mashine zake za PS/2 zenye nafasi za kadi za kwake peke yake, wenzake walikataa kumfuata na soko likampita. Mwaka 1995 Intel ikatoa vipimo viitwavyo ATX: ukubwa wa mazabodi, mahali pa tundu za skrubu, umbo la plagi ya umeme wa ndani.

Mtu wa Singida ataelewa haraka nikimwambia kuhusu baiskeli. Fremu yaweza kuwa ya Kichina, tairi ya Kihindi, mnyororo umeununua juzi gulioni, na bado gunia la alizeti litafika. Ni kwa sababu kuna vipimo ambavyo wote wamekubaliana. Kijana wa Utemini anayefikiria kuunganisha prosesa ya kampuni moja na mazabodi ya nyingine na kasha la tatu anafaidi mambo yaliyoamuliwa Florida, Houston na Taipei kabla hajazaliwa.

Na hapa nyumbani? Bajeti ya 1984/85 iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na mambo yakaanza kulegea. Kompyuta zikaingia maofisini kupitia miradi ya wafadhili, kisha maduka yakafunguliwa Dar es Salaam, kisha yakaja makasha yasiyo na jina lolote usoni, yaliyounganishwa na vijana wa hapa hapa. Ushuru wa forodha wa pamoja wa Afrika Mashariki ulipoanza 2005, kompyuta ziliwekwa kwenye asilimia sifuri. Wataalamu wetu wa lugha walikuwa wametuletea majina mawili mazuri, ngamizi na tarakilishi, lakini mafundi wa Kariakoo walikuwa na haraka, wakasema kompyuta, na kompyuta ikabaki.

Sasa niseme habari yangu, maana ndiyo inayonifanya nisimjibu kijana kwa mstari mmoja.

Mwaka 2006 nilikuwa Singida. Wasomaji wa umri wangu wanaukumbuka mwaka ule: mabwawa yalikauka, mgawo wa umeme ukawa mkali nchi nzima. Nilikuwa nimeunda kompyuta yangu ya kwanza kwa fedha za kubangaiza. Sehemu kubwa ya fedha hizo nilitupa kwenye prosesa, Pentium 4, kwa sababu ndiyo niliyoweza kujivunia mbele ya wenzangu. Kasha nilichukua la bei ya chini kabisa, na ndani yake mlikuwa tayari na pawa saplai, yaani kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa vipande vingine. Muuzaji alisema hiyo ni bure. Kibandiko chake kilisema wati 500.

Katika diski ya kompyuta ile nilikuwa nimeweka mahojiano ya miezi kadhaa na wazee wa Iramba na Unyaturu waliohamishwa wakati wa Operesheni Vijiji. Walinieleza jinsi walivyoacha makaburi ya wazazi wao, ng'ombe walivyokufa njiani, na mengine ya furaha pia, shule na kisima. Jioni moja umeme ulirudi baada ya saa nyingi, ukaja na nguvu isiyo ya kawaida. Nilisikia mlio mdogo kama punje ya mahindi inayopasuka kikaangoni, halafu harufu. Pawa saplai ilikufa, na haikufa peke yake. Iliondoka na mazabodi na diski. Nilipoifungua nikakuta nafasi tupu pale ambapo vipande vya kuchuja umeme vilipaswa kuwapo, zimerukwa kwa vijiwaya. Ilikuwa nyepesi mkononi kama kopo tupu. Fundi wa Dar es Salaam aliyeipokea diski ile aliniambia nisipoteze nauli nyingine. Wawili kati ya wazee wale walikuwa wamekwisha kufariki. Sauti zao sinazo mpaka leo.

Sikuwa peke yangu miaka ile. Tangu karibu 1999 hadi 2007 dunia nzima ilipata kapasita mbovu. Ni vile vimnara vidogo vilivyosimama juu ya mazabodi. Vilikuwa vikivimba kichwani na kuvuja, hata kwenye mashine zenye majina makubwa. Ofisi nyingi zilidhani ni virusi. Ila mimi siwezi kusingizia kapasita. Yangu ilikuwa pawa saplai ya bure.

Singida iko juu ya njia kuu ya umeme wa nchi hii. Laini ya kilovolti 220 kutoka Dodoma kwenda Shinyanga ilipita hapo miaka ya 1980, na mwaka 2016 ikakamilika ile iliyojengwa kwa kiwango cha kilovolti 400, kilomita 670 kutoka Iringa hadi Shinyanga. Tangu 2024 bwawa la Julius Nyerere nalo linaleta umeme kwenye gridi. Kwa hiyo hali si ya 2006. Hata hivyo umeme unaofika kwenye soketi ya kibanda haujali ukubwa wa nguzo zilizopita juu ya kijiji. Mwisho wa waya, jirani akiwasha mashine ya kukamua alizeti, taa yako hufifia, na akiizima hung'aa.

Basi, kijana wangu, anza hapo. Tafuta pawa saplai iliyoandikwa volti 100 hadi 240, siyo 220 hadi 240 tu, maana hiyo ya kwanza huvumilia umeme unaposhuka. Kama ina kiswichi chekundu nyuma cha kuchagua 115 au 230, hakikisha kiko kwenye 230 kabla ya kuchomeka chochote, na ukiweza iache kabisa, ni ya zamani. Usisome wati peke yake kwenye kibandiko. Tazama mstari wa volti 12 una ampea ngapi, zidisha, uone kama hesabu inakaribia hizo wati zilizotangazwa. Alama ya 80 PLUS, iliyoanza 2004, husaidia, ingawa kibandiko chochote chaweza kuchapwa. Ipime mkononi. Kipande hiki usinunue cha mtumba hata kama muuzaji ni mjomba wako. Kisha UPS yenye kurekebisha volti. Kazi ya UPS si kukufanyisha kazi gizani. Ni kukupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima kwa heshima, na betri yake itachoka baada ya miaka michache, iweke kwenye hesabu. Mwombe fundi umeme athibitishe kwamba waya wa ethi wa kibanda unafika ardhini kweli.

La pili ni pa kuhifadhia kazi. Diski ya SSD mpya, hata ikiwa ndogo, na diski nyingine ya nje isiyokaa kibandani usiku. Video ya harusi ya mtu huirudii.

Ramu, kwa video, nakushauri gigabaiti 16, na hapo nakupa pole, kwa sababu mwishoni mwa 2025 bei ya ramu ilipanda vibaya duniani. Viwanda vinavyoitengeneza ni vichache, vikaelekeza nguvu kwenye mitambo mikubwa ya akili bandia. Ukibanwa, anza na kijiti kimoja cha nane na uchague mazabodi yenye nafasi ya kuongeza.

Ndipo tunafika kwenye prosesa. Chukua yenye uwezo wa picha ndani yake, usinunue kadi ya picha kwa sasa. Kwa Intel, namba ikimalizika na herufi F maana yake haina picha ndani. Hizo huuzwa kwa bei inayovutia, na mtu huja kugundua nyumbani kwamba kioo ni cheusi. Kwa AMD, zile zinazoingia kwenye soketi ya AM4, iliyoanza 2016, bado zina maisha, kwa sababu mazabodi moja imepokea vizazi kadhaa vya prosesa. Ila uliza kama bayosi ya mazabodi hiyo imeshasasishwa kuitambua prosesa unayoitaka, na umwombe muuzaji aiwashe mbele yako. Kasha, kibodi, kipanya na kioo vyaweza kuwa vya mtumba bila hasara. Kasha liwe na chujio la vumbi mbele. Anayejua upepo wa Singida wakati wa kiangazi hataniuliza kwa nini.

Kuna wasikilizaji watakaosema, mbona unamchosha kijana wa watu? Anunue kompyuta ya ofisi iliyotumika, inayokuja kwa meli kupitia Dubai. Wana hoja nzito. Kwa kuchapa barua na kujaza fomu peke yake, ningemwambia anunue hiyo na abakize fedha. Mashine hizo ni nyingi sasa kwa sababu Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane, hivyo ofisi za nje zinazitoa. Mwenye kujua Linux ataitumia vizuri. Lakini ifungue kasha lake utazame: nyingi za zile ndogo zina pawa saplai yenye umbo lake peke yake na plagi yake peke yake. Ikifa, huwezi kuweka nyingine yoyote ya dukani. Sharti utafute ya ndugu yake. Baada ya miaka sitini tumerudi kwenye ile ndoa ya Wizara ya Fedha, safari hii ndani ya kisanduku cha mtumba. Kwa kazi ya video, ambayo itaichosha mashine kila Jumamosi, ningeunda.

Haya yote nilimwandikia kijana kwa urefu. Akanijibu kwamba amekwisha kuona prosesa moja Kariakoo, bei yake nzuri sana, na rafiki yake yuko tayari kuituma kwa basi. Nikamwuliza namba yake inaishia na herufi gani. Akakaa kimya siku mbili.

Jana ameandika tena. Prosesa ile ameiacha. Amenunua pawa saplai, iko mezani kwao Utemini, peke yake, haina cha kuwasha. Anasema baba yake aliishika, akaipima uzito, akamwuliza kama fedha zote za alizeti zimekuwa hicho kisanduku.